KUH: Seti za kidhibiti mwendo mnazouza kwa magari ya zamani

Kwa Meneja wa Mauzo,

Assalaam aleikum.

Tunalalamikia seti tatu za kidhibiti mwendo (cruise control, kifaa cha kushikilia mwendo wa gari bila dereva kukanyaga eksileta) tulizonunua dukani kwenu, zote kwa ajili ya Toyota Corolla AE100 za injini ya 5A-FE. Boksi limeandikwa kwamba seti inaingia gari yoyote yenye waya wa eksileta. Gari zetu zinao waya huo, na hakuna hata moja iliyokubali seti kama ilivyotoka kwenye boksi. Mlipopigiwa simu mlijibu kwamba kosa ni la mafundi. Kwa hiyo tunataja hapa kifaa kwa kifaa, na anayesoma afungue boneti ya Corolla aangalie mwenyewe.

Kubwa kuliko yote ni ukurasa wa 4 wa maelekezo. Mchoro unaonyesha mpira mwembamba wa sevo, yaani kifaa kinachovuta eksileta badala ya mguu, umeungwa kwa kiungo cha T kwenye mpira mnene wa breki, baina ya valvu ya njia moja na busta, lile kopo linalosaidia mguu kukanyaga breki. Hapo hapafai kuguswa. Valvu ile imewekwa ili busta ibaki na vakyumu (mvuto wa hewa) yake hata injini ikizimika, dereva apate kukanyaga breki mara mbili tatu kabla ya pedali kuwa ngumu. Ukiunga upande wa busta, siku mpira mwembamba utakapochanika au kuchomoka, hewa itaingia moja kwa moja kwenye busta na pedali itakuwa ngumu kama jiwe. Gari ikiwa inateremka kutoka Chake kwenda Mkoani, imejaa watu, nani atajibu? Mpira wa sevo uungwe kwenye tundu lake peke yake katika manifoldi ya hewa (bomba la kuingizia hewa ndani ya injini), na uwe na valvu yake. Tundu likikosekana, basi T ikae upande wa manifoldi, kabla ya valvu ya breki. Ukurasa huo uondolewe kwenye kila boksi lililobaki dukani, na wote walioshanunua wapigiwe simu.

La pili ni pahala pa kuifunga sevo. Michoro yenu yote ni ya gari ya usukani wa kushoto. Gari zetu Zanzibar zina usukani kulia, na kona ya kulia nyuma ya boneti imekwishajaa busta na masta silinda ya breki. Braketi yenu inataka kukaa hapo hapo. Mbele, upande wa rejeta, ndiko iliko manifoldi ya eksozi; sevo ya plastiki ikiwekwa huko inaiva. Sisi huiweka angalau sm 25 mbali na chuma chochote cha eksozi. Panapobaki ni kushoto, kwenye bati la juu ya shokapu. Lakini kutoka hapo hadi kwenye throtoli, mlango wa hewa wa injini, kebo ya sevo inahitaji kama sm 70 ikizungushwa vizuri, na mliyotupa ina sm 45.

Msituambie tena kwamba ivutwe tu mpaka ifike. Sevo imefungwa kwenye bodi, throtoli imefungwa kwenye injini, na injini imekaa juu ya mipira, inacheza kila unapobadilisha gia. Kebo iliyonyooka bila mzingo itavuta throtoli kila injini inapoyumba. Ikikunjwa kwa pembe kali nayo inakwama ndani ya ala yake. Mzingo wake usiwe mdogo kuliko duara la upana wa sm 30. Ulegevu unaotakiwa mwishoni ni milimita 3 hadi 5. Pasipo ulegevu, injini inabaki ikinguruma hata mguu ukitoka kwenye eksileta. Ulegevu ukizidi, dereva anabonyeza kitufe na gari inapoteza mwendo kwanza ndipo sevo ianze kuvuta. Jaribio lake ni jepesi, na kwenye maelekezo halimo: injini ikiwa imezimwa, mtu mmoja akanyage eksileta mpaka chini kisha aiachie ghafla, mwingine asikilize kwenye throtoli. Kipepeo cha throtoli lazima kirudi kugonga skrubu yake kwa mlio mmoja, tik. Kikirudi polepole, au kikarudi bila mlio, gari isitoke gereji.

Mkufu wa shanga za chuma unaounga kebo na throtoli umekuja wazi, bila ala ya mpira. Dereva anapokanyaga mwenyewe, mkufu hulegea na kuning'inia. Ukinasa kwenye springi ya throtoli, throtoli itabaki wazi hata breki ikikanyagwa. Kipande cha mpira cha sm 6 kinatosha kuuzuia usianguke, na bei yake haifiki hata ya soda. Kutokukiweka ni uzembe.

Braketi ni bati la milimita 1.5 lenye tundu moja la boliti. Sevo inaning'inia pembeni, bati linatikisika, na baada ya muda linapasuka penye kunjo. Tunataka bati la milimita 3, boliti mbili za spana namba 12, na rangi yenye kushika, maana upepo wa bahari huku haubakishi chuma kitupu.

Kopo la akiba ya vakyumu nalo hatukulikuta. Injini isiyo na kasoro, ikiwa inawaka bila eksileta kukanyagwa, inavuta inchi 18 hadi 20 za zebaki, lakini kwenye mlima throtoli inafunguka na mvuto unaanguka, tena pale pale sevo inapohitaji nguvu. Pemba ni vilima mtindo mmoja. Pasipo kopo na valvu yake, gari inalegea kila mpando.

Kuhusu kusoma mwendo: sumaku mbili mlizotia zimekusudiwa propela shafti, ile ya kupeleka nguvu magurudumu ya nyuma, na Corolla hii inavuta kwa magurudumu ya mbele, haina propela. Lazima zifungwe kwenye shafti ya gurudumu, karibu na giaboksi ambako haipandi na kushuka sana, zitazamane pande mbili sawasawa, na sensa isiwe mbali zaidi ya sm 2. Mkanda wa plastiki mliotupa hauwezi kazi hiyo. Tupeni wa chuma kisichoshika kutu.

Umeme una mambo mawili. Kifaa chenu kinatafuta njia ya kwenda ardhini (ethi, yaani bodi ya gari) kupitia nyuzi za balbu za breki, na gari nyingi sasa zimewekwa balbu za LED. Hapo hakiwaki mpaka iongezwe rilei (swichi inayoendeshwa kwa umeme), jambo ambalo karatasi haikulitaja kabisa. Na kwa gari ya gia za mkono, swichi ya klachi, ya kukizima kifaa klachi ikikanyagwa, haimo. Dereva akikanyaga klachi huku sevo inavuta, injini inapiga kelele ya kupasuka.

Tunadai ndani ya wiki mbili: kebo tatu za sm 70 au zaidi, makopo matatu na valvu zake, braketi mpya, mikanda ya chuma, swichi za klachi, rilei tatu, na maelekezo ya usukani wa kulia kwa Kiswahili. Mkishindwa, tutarudisha seti zote tatu, nanyi mturejeshee fedha kamili pamoja na gharama ya kuzisafirisha kwa boti kutoka Unguja na kuzirudisha. Hakuna gari tutakayoitoa na kifaa hiki mpaka mmoja katika wataalamu wenu atujibu kwa maandishi kuhusu ukurasa wa 4.

Wassalaam,

Mafundi wa gereji,
Chake Chake, Pemba