Taarifa ya Mwenyekiti kwa Wanachama, Mwaka 2025

Ndugu wanachama, wazee wetu, kina mama, na nyinyi vijana mliojibana karibu na mlango, hamjambo.

Hesabu atazisoma mweka hazina. Michango ya misiba na arusi imo kwenye karatasi mliyopewa mlipoingia, sitairudia. Muda wangu nautumia kwa lile jambo lililotugawa mwezi Juni: kwa nini kamati ilikubali kuwachangia nauli na chakula vijana wetu wanaosoma vyuo vya jamii, vile vya miaka miwili, hapa Oakland, California, na kucheza futiboli ya Kimarekani. Mzee wetu mmoja aliuliza, "Mpira gani huo wa kugongana kama mafahali?" Swali lilikuwa la haki, nami nililijibu ovyo.

Leo nalijibu kwa kumtaja John Beam, kocha wa futiboli wa Laney College, chuo cha jamii cha hapa Oakland, ambaye alipigwa risasi pale pale chuoni tarehe 13 Novemba na kufariki kesho yake, akiwa na umri wa miaka 66.

Beam hakuanzia chuoni. Kwa zaidi ya miaka 20 alikuwa Skyline, sekondari ya huku kwetu milimani, na jina alikuwa nalo. Mwaka 2004 alishuka Laney, tena si kwa ukocha mkuu. Alikabidhiwa wachezaji wanaokimbia na mpira tu, kocha msaidizi miongoni mwa wasaidizi. Nahodha wa jahazi akubali kushika kamba! Mimi namheshimu kwa hilo kuliko kwa kombe lolote. Timu alikuja kukabidhiwa mwaka 2012, akatwaa ubingwa wa vyuo vya jamii vya California 2018, akaiachia 2024 na kubaki mkurugenzi wa michezo.

Sasa tazameni kazi yenyewe. Chuo cha miaka miwili kinampa mchezaji misimu miwili. Akiiva, chuo kikuu kinamchukua. Akiiva mapema, haoni hata msimu wa pili. Kocha anapanda, wenzake wanavuna, na kila mwaka anarudi kuanza na sura ngeni. Mississippi na Kansas vyuo vya namna hii hutoa ufadhili wa michezo. California ni marufuku. Laney haina hata bweni. Na kijana asiposajili masomo ya krediti 12, yaani mzigo kamili wa muhula, hachezi. Kwa hiyo kocha kabla ya kufundisha mbinu hana budi kujua nani amelala kwenye gari, nani hajala, nani hajafika darasani.

Mwezi Septemba nilimpeleka mama mmoja wa humu kwenye chumba alichopanga mwanawe na wenzake watatu. Sufuria ya wali wa nazi alikuwa ameipakata, imefungwa kwa kanga. Vijiko mle ndani vilikuwa viwili. Wakala kwa zamu, na aliyesubiri zamu yake alisimama dirishani na kitabu cha hesabu, maana jioni alikuwa na mtihani. Mama hakusema neno mpaka tuliporudi garini.

Kuna aliyetoka huko huko, C.J. Anderson. Aliichezea Laney miaka ambayo Beam alikuwa bado msaidizi, akahamia chuo kikuu cha Berkeley, na mwaka 2013 hakuna timu ya NFL, ligi ya kulipwa ya futiboli, iliyomchagua. Timu ya Denver wakamchukua hivyo hivyo. Februari 2016, kwenye Super Bowl, fainali ya ligi hiyo, iliyochezwa Santa Clara, mwendo mfupi tu kutoka hapa, aliifungia Denver, wakawa mabingwa.

Wachezaji wa Beam waliofika NFL ni 20 au zaidi. Tusidanganyane lakini: hao ni wachache mno, na mchezo unaumiza vichwa na magoti. Ndiyo maana kamati hailipii viatu wala kofia, na haimuulizi kijana amefunga mara ngapi. Inamuuliza krediti zake, na chuo kikuu kipi kimemwandikia. Mzee wangu wa mafahali, naomba tukubaliane hapo.

Nahitaji mtu mmoja mwenye gari kila Alhamisi jioni, na wawili wanaoweza kusaidia hesabu. Mwenye vijiko vya ziada pia asiondoke bila kuniona.