Picha ya kushtukiza sio bahati nasibu, na kuikata sio kudanganya

Ndugu Mhariri,

Nimesoma barua ya msomaji mwenzangu aliyesema hizi picha za mtaani za kushtukiza, zile za kamera ya mkanda, ni za kubahatisha tu, na kwamba ukishaikata picha pembeni basi umeshadanganya watu. Nimeona nisikae kimya maana hii kazi naipenda sana na naifanya hapa hapa Mbeya, Mwanjelwa, Uyole, mpaka stesheni ya TAZARA siku treni ikichelewa, na kuna vijana wanajifunza sasa hivi ambao wakisoma vile wanaweza wakaiacha kabisa.

Bahati ipo, mi siikatai. Lakini tuangalie mpiga picha anafanya nini kabla hiyo bahati haijafika. Mkanda wa 35mm una picha 36 basi, hakuna kioo cha kuangalia umepata nini, kwa hiyo kabla hajaingia sokoni kashapanga kila kitu. Asubuhi za mawingu kama hizi zetu anaweka filamu ya ISO 400 (ile inayoshika mwanga haraka), tundu la lenzi linalopitisha mwanga anali-weka f/8, yaani dogo kiasi, spidi 1/250, yaani sehemu moja ya 250 ya sekunde, halafu fokasi, ule umbali ambao picha inatoka kali, anaiacha kwenye mita 3 haigusi tena, na kwa lenzi ya 35mm, inayochukua eneo pana kidogo, hapo kitu chochote kilichopo kati ya kama mita 2 na mita 7 kinatoka safi. Sasa mama muuza viazi pale Uyole akigeuka kucheka, na nyuma yake kijana anapita kainama na lumbesa mgongoni, kidole kinabonyeza chenyewe hata hujajua umeona nini. Ukianza kufikiria tu mama kashakuona, kashaweka pozi, cheko limeisha.

Hayo ndo machale bwana, kuhisi jambo kabla halijatokea, na machale hayashuki kutoka juu. Yanatokana na kushinda sokoni mpaka umewazoea watu, unajua mtu anayehesabu chenji akimaliza lazima ainue uso, unajua wapakiaji kabla hawajarusha gunia juu ya Fuso wanatulia kidogo kuvuta pumzi, unajua konda ataangalia nyuma kwanza ndipo agonge bodi. Mwenye barua anaona ile sekunde moja tu ya mwisho ndo maana anaiita bahati. (Na kwa wale wanaouliza kuhusu ruhusa, mi nikishapiga namfuata mtu namsalimia, namwambia, asipotaka siitoi popote, na akikubali nikisafisha mkanda nampelekea yake.)

Haya, kukata. Watu wanapenda kumtaja mpiga picha Henri Cartier-Bresson wa Ufaransa, kwamba yule alikuwa hataki picha zake zikatwe. Ni kweli hakutaka. Lakini picha yake inayojulikana kuliko karibu zote, ya mwaka 1932 kule Paris nyuma ya stesheni ya Gare Saint-Lazare, jamaa anaruka dimbwi na kisigino bado hakijagusa maji, ile imekatwa. Aliipiga kwa kupenyeza lenzi kwenye upenyo wa uzio wa mbao, ubao ukaziba upande wa kushoto, ikabidi upande ule uondolewe. Kwenye picha hiyo moja kuna bahati, kuna machale na kuna mkasi, na sijawahi kusikia mtu akisema yule jamaa hakuruka.

Na ile sura ya mwanamapinduzi Che Guevara ambayo vijana wetu wanaivaa kwenye tisheti na kuibandika kwenye bajaji, mpiga picha Alberto Korda aliipiga Havana, Cuba, tarehe 5 Machi 1960, kwenye maombolezo ya waliokufa meli La Coubre ilipolipuka. Che alijitokeza mbele kidogo tu akarudi nyuma, Korda akawahi picha mbili. Kwenye ile tunayoijua kulikuwa na mtu mwingine pembeni na majani ya mti wa jamii ya mnazi upande wa pili, Korda akaviondoa vyote ikabaki sura. Tena gazeti alilokuwa analifanyia kazi halikuitumia siku ile, hilo nalisema kwa sababu naandika kwa mhariri.

Ila mkasi una mipaka yake na hapo nakubaliana na mwenye barua kwa sehemu. Negativu, ile picha ndogo iliyoko kwenye mkanda wenyewe, ni milimita 24 kwa 36 tu, ukichukua nusu ya urefu na nusu ya upana umebaki na robo, ukiikuza hiyo robo chembe za filamu zinaonekana kila mahali kama mchanga, kwa hiyo kukata sio dawa ya mtu anayeogopa kusogea. Halafu kuna kubwa zaidi. Nina negativu moja ya kituo cha Kabwe hapa Mbeya, mzee kanyanyua mkono juu anasimamisha daladala, na mbele yake kuna dada kainama anafunga kiatu. Ukiiona nzima ni asubuhi ya kawaida kituoni. Ondoa daladala upande wa kulia, hapo hapo inakuwa mzee anampiga mwanamke, na hakuna hata kitu kimoja kilichochorwa wala kubadilishwa! Huo ndo udanganyifu, na ndo ungepaswa kupigiwa kelele. Mimi nikiondoa tairi la bodaboda lililoingia kwenye kona, yule mama wa viazi bado anacheka kile kile na kijana bado kabeba mzigo wake.

Ndo maana nina ombi kwenu Mhariri. Picha za wasomaji mnapozipunguza ili zienee kwenye ukurasa, naomba kabla hazijaenda mitamboni mpigieni simu aliyepiga, mumuulize kwenye kile kipande mnachotaka kukitoa kulikuwa na nani na alikuwa anafanya nini.

Msomaji wenu,
Mwanjelwa, Mbeya