Hekalu la mapangoni Sri Lanka na tembe letu la Kwihara

Ndugu Mhariri, naomba kanafasi. Mwaka jana kazi ilinipeleka Sri Lanka nikapata upenyo wa kupanda Dambulla, hekalu la Wabudha lililo ndani ya mapango kwenye mlima wa jiwe, na jamani zile ngazi usizidharau, jua linawaka halafu kima wanakuvizia, ukitoa tu ndizi imeenda. Juu kuna mapango 5, mfalme Valagamba alijificha humo karne ya 1 kabla ya Kristo baada ya kupinduliwa, aliporudi madarakani akayageuza hekalu. Kuna Buddha amelala, urefu mita 14 hivi, kachongwa kwenye mwamba wenyewe, na dari limejaa michoro inafuata mabonde ya jiwe utadhani kitambaa kimetandikwa. Viatu unavua, mabega na magoti unafunika, na kupiga selfi umeipa sanamu mgongo hawataki kabisa. Mi Muislamu, nimeangalia nikatoka na imani yangu vilevile, hilo ni kwa wale wanaoniuliza nilifuata nini kwa masanamu.

Sasa hoja yangu. Unesco waliliweka kwenye urithi wa dunia 1991, ila wengi niliowakuta ni wenyeji, bibi na maua yake, watoto wa shule wamepanga foleni. Hapa kwetu Tabora, pale Kwihara, kuna tembe, nyumba ya kale ya udongo, walilokaa wale wasafiri wa Kizungu Livingstone na Stanley 1872, sio mbali na mjini, we muulize mtu wa kata ya Ng'ambo hapa hapa mjini kama ashafika! Walimu, safari ya wanafunzi sio lazima iwe Ngorongoro, anzeni na hapo, nauli sisi wazazi tutachanga.

Msomaji wenu,
Cheyo, Tabora