Malalamiko: safari ya siku moja ya Ipoh, misosi na mahekalu ya mapangoni

Habari za kazi ndugu zangu wa huduma kwa wateja,

Naandika kuhusu safari ya Jumamosi iliyopita, kutoka Kuala Lumpur kwenda Ipoh na kurudi, nililipia dola 85 kwa kila mmoja, mimi na mama yangu, kupitia ofisi yenu ya Dar. Risiti nimeambatanisha.

Mlisema gari linaondoka saa moja asubuhi, tumeondoka saa tatu kasoro na hakuna aliyetupigia simu kutuambia kitu. Ipoh ni kama kilomita 200, sasa ukichelewa hivyo siku imeshaharibika. Halafu tumefika, badala ya kwenda mapangoni tukapelekwa kwenye duka la biskuti na kahawa za paketi tukakaa karibu saa nzima, watu hawanunui na gari haliondoki.

Kilichoniuma zaidi ni chakula. Kwenye fomu niliandika kabisa sisi ni Waislamu, na dada wenu akanijibu wasapu kwamba mambo yote halali. Tukapelekwa mgahawa wa kuku na maharage yaliyochipua, kuku wenyewe ndio wanaosifiwa Ipoh nzima, lakini pale pale nyama ya nguruwe imening'inia dirishani. Mama wa miaka 67 akashindia chai na biskuti! Na Ipoh ile ile kuna migahawa ya Wahindi Waislamu wanauza nasi kandar, wali na mchuzi wa kila aina, mngeulizia tu. Hata ile kahawa nyeupe, ambayo buni zake wanazikaanga na majarini ndio inapata ladha ile, hakuionja mezani maana muda ulikuwa umeisha.

Mahekalu ya mapangoni sasa. La kwanza, Sam Poh Tong, tuliliona vizuri, bwawa la kasa mama alilipenda sana. Kek Lok Tong tulipewa dakika 15, wakati ukivuka pango unatokea upande wa pili kwenye bustani na maziwa, sisi bustani tuliiona kwa mbali tu tukaitwa garini. Perak Tong, lenye Buddha mkubwa aliyekaa na picha za ukutani, ndilo mama alilokuwa analisubiri, tukakuta geti limefungwa. Mama amekulia Tanga karibu na mapango ya Amboni, tangu mtoto anajua watu wanaopeleka sadaka kwenye mzimu mle ndani, alitaka aone wenzetu huku wanafanyaje ibada ndani ya jiwe. Akaishia kusimama getini.

Yule kaka aliyetutembeza simlaumu, alikuwa muungwana na aliomba radhi, ratiba sio yake.

Naomba mnirudishie hela ya chakula cha watu wawili na ya Perak Tong, na msiandike halali kwa mteja kabla hamjapiga simu mgahawani. Hela tumeni kwa namba ile ile niliyolipia. Mama anarudi Tanga wiki ijayo, naomba jibu lenu lije kabla hajapanda ndege.