Askari wa keya wachorwe na miguu yao halisi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie michoro ya askari wa keya (King's African Rifles, jeshi la Waingereza la askari Waafrika wa Afrika Mashariki) wa Vita Kuu ya Kwanza inayotundikwa mashuleni na kwenye maonyesho yetu. Kofia na bunduki huchorwa kwa uangalifu, lakini kuanzia kiunoni kwenda chini mchoraji hujibunia tu, akawavika suruali ndefu na mabuti meusi yanayong'aa.

Wengi wa askari hao, wakiwemo wale wa Batalioni ya 4 ya Uganda, walivaa kaptula ya kaki na, kati ya kifundo cha mguu na goti, utepe mrefu wa sufu uliozungushwa tabaka juu ya tabaka na kufungwa kwa kamba. Chini ya utepe huo palikuwa na nyayo tupu, au makubazi kwa waliobahatika, ilhali askari wa Wajerumani waliopambana nao walianza vita wakiwa na mabuti. Waingereza waliuiga utepe huo India, wakawavalisha majeshi yao karibu kila mahali: askari wa miguu aliuanzia kifundoni akipanda, mpanda farasi aliuanzia gotini akishuka. Gharama yake ilikuwa ndogo kuliko ya buti refu la ngozi, na kwa maoni yangu hilo ndilo lililoamua. Haukuzuia funza, ambao waliwalemaza wengi katika vita vya Afrika Mashariki. Ulaya nako, ndani ya mahandaki yaliyojaa maji, utepe uliofungwa kwa kukazwa ulipunguza damu inayofika nyayoni, ukachangia nyayo kuoza.

Mabuti ya keya ni habari ya Vita vya Pili. Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki iliposhuka Bonde la Kabaw huko Burma mwaka 1944, katika tope, ruba na mbu wa malaria, kaptula ya gwaride isingemfaa mtu. Kwa hiyo anayetaka kumchora askari wetu mwenye suruali ndefu na mabuti amweke Burma, asimweke kwenye vita vya 1916.

Picha zilizopigwa wakati huo zipo. Ninawaomba walimu na waandaaji wa maonyesho wamwonyeshe mchoraji picha hizo kabla hajashika brashi, na wasimlipe aliyewavisha askari hao viatu ambavyo serikali ya kikoloni haikuwapa.

Msomaji wako,
Bombo