Mungu Alivyojieleza Mwenyewe

Ndugu yangu mpendwa,

Bwana Yesu asifiwe. Barua yako ilinifikia salama, nami nimekawia kuijibu kwa sababu sikutaka kukutupia aya mbili tatu za kukufariji kisha niendelee na shughuli zangu. Unasema unasali kila siku, ila ukipiga magoti unajiona kama mshtakiwa anayejitetea mbele ya hakimu aliyekwisha kuandika hukumu. Tena unasema kumwita Mungu Baba kunakukwama kooni, kwa sababu ya baba uliyelelewa naye. Halafu unauliza: mtu atajengaje uhusiano na Mungu anayemwogopa namna hii?

Nianze na huo woga, maana naona ndio shina la mengine yote. Sidhani unamwogopa Mungu mwenyewe. Unamwogopa mtu uliyemjua utotoni, ambaye sauti yake imekaa ndani yako ikajiita Mungu. Hilo si kosa lako. Mtoto humjua Mungu kwanza kupitia nyuso za wakubwa wake, na zikiwa kali, hudhani mbinguni nako ni vivyo hivyo. Lakini umekuwa mtu mzima sasa, na una haki ya kumsikia Mungu akijieleza kwa kinywa chake. Liko mahali pamoja katika Biblia ambapo alifanya hivyo wazi wazi, nami nataka tukae hapo kidogo.

Fungua Kutoka 32 usome mfululizo mpaka 34. Waisraeli wametoka Misri, wamefanya agano na Mungu chini ya mlima Sinai, wameahidi kutii yote. Musa anakawia mlimani. Wanamwendea Haruni, wanavua pete za dhahabu masikioni mwao, na ndama anatengenezwa. Wanamchinjia sadaka na kumsujudia. Musa anashuka, anaona, anazivunja mbao za mawe zilizoandikwa amri. Agano halijakaa hata kidogo, limevunjwa tayari. Kama ungeniambia nichague siku ambayo Mungu angekuwa na haki ya kunyamaza milele, ningeichagua hiyo.

Baada ya hayo, Musa anathubutu kuomba: "Nakusihi unionyeshe utukufu wako." Naye Mungu hamfukuzi. Anamwambia kwamba uso wake hakuna mwanadamu awezaye kuuona akaishi, lakini atapitisha wema wake wote mbele yake. Tazama hapo, ndugu yangu. Mtu ameomba utukufu, akaahidiwa wema. Kisha Mungu anamweka katika pango la mwamba, anamfunika kwa mkono wake. Na siku anapopita, anatangaza yeye ni nani: Mungu mwingi wa huruma, mwenye fadhili, si mwepesi wa hasira, mwingi wa rehema na kweli, mwenye kusamehe uovu na makosa na dhambi.

Angeweza kuanza na uwezo wake. Alikuwa amepasua bahari juzi juzi tu, na mlima ule ulikuwa umetetemeka kwa sababu yake. Alianza na huruma, tena mbele ya watu ambao walikuwa wamemsaliti siku chache zilizopita. Kwa hiyo mtu akikuambia Mungu ni mpole kwa wale tu waliokwisha kunyooka, mrudishe kwenye sura hiyo.

Najua utasoma mbele na kukuta kwamba yeye hamhesabii mwenye hatia kuwa hana hatia, na kwamba huwapatiliza watoto uovu wa baba zao hata kizazi cha tatu na cha nne. Usiruke hapo. Mimi siruki. Wewe uliyeonewa ukiwa mdogo ndiwe unayehitaji zaidi kujua kwamba Mungu haoni uonevu akatikisa kichwa na kupita. Huruma isiyojali haki isingekusaidia kitu. Kuhusu vizazi, linganisha hesabu zenyewe: uovu unafika wa tatu na wa nne, rehema inafika maelfu. Na asije mtu akakutisha kwamba umebeba laana ya baba yako. Ezekieli 18 yote inapinga fikra hiyo; inasema waziwazi kwamba mwana hatauchukua uovu wa baba yake. Kinachoshuka kutoka kizazi hadi kizazi ni majeraha, na wewe unayajua yako. Hatia haishuki hivyo.

Maneno yale ya Sinai hayakubaki Sinai. Utayakuta tena katika Hesabu 14, wakati Musa anawaombea watu msamaha kwa kumkumbusha Mungu alichojisemea. Yapo katika Nehemia 9, katika Yoeli 2, katika Zaburi ya 86, ya 103 na ya 145. Hata Yona anayarudia, lakini kwa hasira: analalamika kwamba alijua tangu mwanzo Mungu angewahurumia watu wa Ninawi, ndiyo maana alikimbia. Sura hiyo hunigusa sana. Nabii anamkasirikia Mungu kwa kuwa ni mwema kupita kiasi alichokitaka yeye, na Mungu hamtupi. Anakaa naye nje ya mji, anamwuliza maswali, anamvumilia. Huyo ndiye ninayetaka umjue.

Karne nyingi baadaye Filipo alimwomba Yesu jambo linalofanana na lile la Musa: tuonyeshe Baba, yatutosha. Yesu akamjibu kwamba aliyemwona yeye amemwona Baba. Basi ukishindwa kumwaza Baba bila uso wa baba yako kujitokeza, usijilazimishe. Mtazame Yesu kwanza. Soma Injili ya Marko, ni sura 16 tu, na kila mara uliza: huyu anawatendeaje watu dhaifu? Utamwona akinyosha mkono kumgusa mwenye ukoma ambaye hakuna aliyemgusa. Utamwona akiwakumbatia watoto ambao wanafunzi wake walitaka kuwafukuza. Utamwona pia akikasirika, na ujiulize anakasirikia nini. Acha picha mpya ijengeke polepole. Siku moja utamwita Mungu Baba bila kukwama, na kama siku hiyo itachelewa, mwite Bwana, mwite Mchungaji, mwite Mwamba, majina ambayo Maandiko yenyewe yamekupa. Daudi alisema hata baba yangu na mama yangu wakiniacha, Bwana atanikaribisha kwake. Maneno hayo yapo katika Zaburi ya 27, nami naamini yaliandikwa kwa ajili ya watu kama wewe pia.

Sasa hilo la kusali. Umeniandikia kwamba unachagua maneno mazuri, unashukuru, unaomba toba, unamaliza, na moyo unabaki pale pale. Nadhani shida ni kwamba unampelekea Mungu mtu asiye wewe. Yule mwenye uchungu na maswali unamwacha nje ya mlango. Soma Zaburi ya 13. Ndani ya mistari miwili ya kwanza mwandishi anamwuliza Mungu "hata lini" mara nne. Utanisahau hata lini? Utanificha uso wako hata lini? Hakuna anayemkemea. Zaburi hiyo inaishia kwa wimbo, lakini ya 88 haiishii hivyo; inaanza kwa kilio na kuishia gizani, bila mstari hata mmoja wa kufuta machozi. Na bado imo katika kitabu cha sala cha watu wa Mungu. Waliokipanga kitabu hicho walijua kwamba kuna usiku ambao mtu hana sala nyingine. Yesu mwenyewe msalabani alichukua maneno ya Zaburi ya 22: Mungu wangu, Mungu wangu, mbona umeniacha? Kama Mwana aliruhusiwa kusema hivyo, wewe unajizuia kwa nini?

Kwa hiyo nakuomba, usiku ukifunga mlango wako, mwambie ukweli. Mwambie kwamba unamwogopa. Mwambie kwamba huna hakika kama anasikiliza. Ukitaka kulia, lia. Usipokuwa na la kusema, kaa tu mbele zake, maana Yesu alisema Baba anajua mnayohitaji kabla hamjamwomba. Sala ya namna hiyo, hata ikiwa fupi, naiona ni uhusiano kamili. Mungu si mgeni wa kuandaliwa maneno.

Uniruhusu niseme na hili, maana liliniuma kulisoma: unajilaumu kwamba husikii kitu ukisali, unadhani imani yako ni hafifu. Eliya alikuwa nabii aliyeona moto ukishuka kutoka mbinguni, na siku chache baadaye alilala chini ya mti jangwani akiomba afe. Mungu hakumhubiria. Alimwacha alale, akamtumia malaika na mkate na maji, akamwacha alale tena, kisha akamlisha mara ya pili kwa kuwa safari ilikuwa kubwa kwake. Sauti ndogo ya utulivu ilikuja baadaye kabisa, mlimani, baada ya safari ya siku 40. Wewe umechoka, ndugu yangu. Umekuwa ukiuguza, ukifanya kazi, usiku hulali. Huenda jambo la kiroho kuliko yote unaloweza kulifanya wiki hii ni kulala mapema.

Mengine utayajua kadiri unavyokwenda. Usijitenge na kusanyiko, hata kama kwa sasa unakaa kiti cha nyuma na kuondoka bila kusalimia. Ukisoma neno likakugusa, lifanye siku hiyo hiyo, kwa sababu mambo mengi kumhusu Mungu hueleweka mtu akishatii. Ila kuhusu kumsamehe baba yako, usimruhusu mtu yeyote akukimbize. Mwambie Mungu kwamba bado huwezi, na mwache yeye aifanye kazi hiyo ndani yako kwa saa yake.

Swali lako la mwisho, kwa nini hakuzuia yale yaliyokupata ukiwa mtoto, sitalijibu kwa barua. Nataka tukae pamoja, unieleze unachotaka kunieleza, nami nisikilize. Niambie ni lini utapata nafasi, nitakuja. Kabla ya hapo soma Kutoka 33 na 34, na uniandikie mahali ulipokwama au ulipokasirika, usinifiche kitu. Wasalimie nyumbani, na mgonjwa mpe pole zangu nyingi.

Ni mimi rafiki yako anayekuombea,
katika Kristo.