Barua kutoka Texas: mji wetu unataka hati yake

Mpendwa Mama Baraka,

Salamu nyingi kutoka huku Texas. Sisi tu wazima, ila joto limetuwahi mwaka huu. Uliniuliza mbona siku hizi nikipiga simu ni siasa za mji tu. Ni hivi: baraza letu limepitisha kwamba wakazi tupige kura tuamue kama mji uwe na hati yake ya kujitawala, na karibu madiwani wote wanaiunga mkono. Kura ni Jumamosi ya kwanza ya Mei. Tangu niape uraia sijachangamkia uchaguzi namna hii, hata ule wa rais.

Najua utasema hati mnayo nyinyi pia. Agosti 2024 Rais Ruto aliikabidhi Eldoret, ikawa jiji la tano la Kenya, nawe ukanijazia simu video za shangwe. Lakini hiyo yenu ilipitia bunge la kaunti na Seneti, mwisho rais akaikabidhi. Huku rais hahusiki, wala gavana. Katiba ya Texas tangu 1912 inasema mji ukizidi watu 5,000, wakazi wanaweza kujiandikia hati na kuipitisha wenyewe kwa kura. Wala haitupandishi cheo; tutabaki mji mdogo uleule wenye taa tatu za barabarani na duka moja la maana.

Kinachobadilika ni nani anaomba ruhusa. Sasa hivi tunaongozwa na sheria ya jumla, maana yake mji unafanya yale tu ambayo sheria ya jimbo imeutajia. Diwani akileta wazo zuri, mwanasheria wa mji anafungua kitabu, anatikisa kichwa, hoja imekufa. Tukipata hati, mji utafanya lolote ambalo katiba na sheria za jimbo hazijalikataza.

Rasimu imeandikwa na tume ya wakazi. Sheria inataka wasipungue 15. Nilihudhuria kikao chao kimoja, na jioni nzima iliishia kwenye kifungu cha kumng'oa diwani kabla muhula wake haujaisha: sahihi ngapi zitoshe, zikusanywe kwa siku ngapi. Fundi bomba mmoja mstaafu aligoma kabisa, akisema sahihi zikiwa chache mno kila aliyeshindwa atarudi na karatasi. Nilimpenda yule mzee. Bila hati, kura ya namna hiyo wakazi hatuna.

Sheria pia inataka kila mpiga kura aliyesajiliwa atumiwe nakala kwa posta, mwezi mzima kabla. Yangu iko juu ya friji, imeshapata doa la chai, na ukurasa wa kodi nimeuchora mistari mpaka unakaribia kutoboka. Hapo ndipo penye kelele. Mji wa sheria ya jumla kama wetu hauwezi kutoza kodi ya mali zaidi ya dola 1.50 kwa kila dola 100 za thamani. Wenye hati unaweza kufika 2.50. Jirani yangu ameng'ang'ania hapo, hataki kusikia lingine. Nilimfungulia ukurasa wenyewe: tume imeandika kikomo kibaki 1.50, na kikiandikwa kwenye hati baraza haliwezi kukivuka bila kurudi kwetu. Akasema wataibadilisha baadaye. Nikamwambia kubadilisha nako ni kwa kura, tena si zaidi ya mara moja kila miaka miwili. Hajanijibu mpaka leo.

Mimi hofu yangu iko kwingine. Austin na Dallas zina hati za miaka mingi, zikatumia uwezo huo kuwapa mafundi wa ujenzi dakika 10 za kunywa maji na kupumzika kila saa nne. Mwaka 2023 bunge la jimbo likapitisha sheria ya kuzuia miji kutunga kanuni zake katika mambo mengi, yakiwemo ya kazi, na kanuni hizo za maji zikawa mfano uliotajwa kila mahali. Kwa hiyo mlango tunafunguliwa, lakini ufunguo mwingine uko kwa wabunge wa jimbo, huko Austin makao makuu. Hata hivyo kura yangu ni ndiyo. Afadhali kubishana na bunge nikiwa na karatasi mkononi.

Sasa nawe nieleze: ile bodi ya jiji inaita wananchi kwenye vikao, au mnasikia tu redioni? Na kodi ya ploti imepanda? Mwambie Baba Baraka viatu vyake nitavituma na mtu anayekuja mwezi wa sita.

Wako,
Mama Neema